Mikate ya Zanzibar na moto wa juu

Wanaotaka niwafundishe mikate na vitamu vya Zanzibar huanza kwa kuuliza vipimo. Vipimo ni vyepesi. Kinachowashinda wengi ni moto, nao ndio uliovizoesha jiko letu vyakula vilivyofika Unguja na Pemba kutoka pande nyingi: biskuti za nankhatai za Wahindi, halua ya Waomani, kaimati za Ghuba, vikakutana na mchele na nazi za pwani.

Jiko letu la asili ni seredani, jiko la makaa, na makaa ya chini peke yake huunguza kitako na kuacha uso mbichi. Ndiyo maana tunapalia: sufuria inafunikwa kwa bati au sinia, makaa yanatandazwa juu yake, na yale ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hivyo ndivyo tulivyooka nankhatai na keki kabla oveni hazijaenea.

Mkate wa ufuta una njia yake, na kwangu ndio mtihani wa mwokaji. Unga wa ngano, tui zito, hamira, yai na chumvi hupigwa kwa mkono mpaka unga uvutike, kisha huachwa uumuke. Mpishi hulowesha mkono, akachota donge na kulitandaza kwenye chuma cha moto kisicho na mafuta. Likishashika, hunyunyiziwa ufuta, halafu chuma hupinduliwa, mkate ukatazamana na makaa. Haudondoki kwa sababu umenata. Kikaango cha kisasa kisichonata hakifai hapa hata kikiwa ghali vipi. Ukiiva hubanduliwa kwa kisu na kupakwa samli ungali moto.

Mkate wa kumimina unataka subira zaidi. Mchele hurowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui na iliki mpaka usibaki na chembe, ukatiwa sukari, hamira na ute wa yai. Mchele hauna gluteni, ile inayoufanya unga wa ngano uvutike na kushika hewa. Hapa kazi hiyo hufanywa na ute wa yai, pamoja na wanga wenyewe unapoganda kwa joto. Basi ukishaumuka usiupige tena, utautoa hewa yote na kupata mkate mzito kama ugali. Umimine taratibu kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupata moto, ungoje vitundu vitokeze na kingo zikauke, ndipo upalie. Ukipalia mapema uso unafunga, katikati panabaki pabichi. Na tafadhali usitie vanila. Iliki inatosha, na vanila huifunika.

Halua haihitaji kupaliwa; yake ni mwiko wa kukorogea. Wanga, sukari, maji, samli, iliki, zafarani na lozi hukorogwa bila kupumzika mpaka iwe nzito, iachane na sufuria na kuanza kutoa samli. Mafundi wa Wete, Pemba, wanasifika kwa kazi hii, na sifa hiyo ni haki yao. Ile tamu yote inalainika kwa kahawa chungu.

Mwenye oveni anaweza kuupika wa kumimina vizuri kabisa: aanzie jikoni kwa moto mdogo, kisha ahamishie sufuria rafu ya juu na kuwasha moto wa juu tu. Asiondoke hapo. Uso hubadilika rangi ghafla, na sukari ikishaungua harufu yake haitoki.