Muhogo mchungu: kuchemsha hakuui sumu, kunaua kinachoitoa

Kila tukiweka meza yetu Nane Nane lazima aje mtu, mara nyingi mama mtu mzima aliyelima muhogo miaka yote, aulize hivi nyie wataalamu, muhogo mchungu nikiuchemsha sana si sumu inakufa? Tukimjibu huwa anashangaa. Hapana mama, haifi, na ukiuchemsha mzima mzima unachokiua ni kile kile ambacho kingekusaidia kuitoa hiyo sumu. Leo nataka nieleze kwanini, maana hii ndo kazi yetu sisi watu wa biokemia, kuangalia molekuli zikikutana zinafanyana nini, na kwenye muhogo suala hili linaamua mtu atembee au asitembee tena.

Kwanza muhogo ukiwa ardhini hauna sayanidi inayozurura humo ndani, ungekuwa nayo ungejiua wenyewe. Kilichomo ni kitu kinaitwa linamarini, yaani sukari ya glukosi imeunganishwa na kipande kingine kilichobeba sayanidi, na ikiwa imeunganishwa hivyo imetulia kabisa haina neno. Linamarini inakaa ndani ya seli kwenye kifuko cha maji. Alafu kuna kimeng'enya, protini ya kazi, kinaitwa linamarasi, hiki kimewekwa nje huko kwenye ukuta wa seli. Ni njiti na ubavu wa kiberiti, viko boksi moja mwaka mzima na hamna moto mpaka mtu avikutanishe. Meno ya panya yanavikutanisha, kisu kinavikutanisha, kinu ndo usiseme. Seli ikipasuka linamarini inamwagika, kimeng'enya kinaidaka kinakata glukosi pembeni, kinachobaki kinaitwa sayanohidrini, nacho hakikai sana kinavunjika na kutoa asetoni pamoja na haidrojeni sayanidi, hiyo sasa ndo sumu yenyewe. Mmea umejitegea huo mtego kwa ajili ya wanaoutafuna, na wakulima wengi kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji wanapanda mihogo michungu makusudi kabisa, kwasababu nguruwe pori na nyani hawaihangaikii sana na mwizi hawezi kuchimba usiku akala pale pale shambani.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapotea. Haidrojeni sayanidi inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani kwa joto la kawaida la Dar au Mtwara inapepea tu inaenda zake. Kwa hiyo sumu ikitengenezwa nje, kwenye kinu au kwenye mkeka wa kuanikia, hiyo sio habari mbaya hata kidogo, hiyo ndo njia yake ya kuondoka. Habari mbaya ni linamarini iliyobaki nzima ambayo haikukutana na kimeng'enya chake, maana yenyewe haipepei, joto la sufuria haliivunji, inachoweza ni kuyeyuka kwenye maji tu. Ukiila nyingine inatoka nzima kwenye mkojo, lakini nyingine inakutana na bakteria wa utumboni ambao nao wana vimeng'enya vya kuikata, na hapo sayanidi inazaliwa ndani ya tumbo lako badala ya kuzaliwa uani.

Ndo maana kuchemsha muhogo mchungu mzima ni hatari. Maji yakifika nyuzi 70 na kitu linamarasi inaharibika, protini ikishakunjuka hairudi tena kazini, na seli nyingi zinakuwa hazijapasuka bado. Umeua fundi kazi haijaanza.

Kisamvu ni kinyume chake, na mimi nikitaka kuwafundisha wanafunzi kuhusu vimeng'enya naanzia hapo. Majani ya muhogo yana linamarini nyingi kuliko mizizi, lakini yana linamarasi nyingi zaidi kwa mbali, sasa mama akikaa na kinu na mchi akatwanga mpaka majani yanakuwa rojo la kijani, kila seli imepasuka, kazi inaisha haraka sana, alafu ndo anainjika na kuchemsha, gesi inatoka na mvuke. Kutwanga kwanza, moto baadaye. Hakuna aliyewaambia bibi zetu habari za vimeng'enya, na kule Kongo wanafanya vile vile na sombe, yaani kisamvu chao. Mtu anayekatakata majani kwa kisu haraka haraka na kuyatupia kwenye maji yanayochemka amegeuza mpangilio wote, simshauri.

Kwenye unga mambo ni hayo hayo. Makopa ya kumenya, kupasua na kuanika juani yanabaki na kama robo mpaka theluthi ya sumu yote iliyokuwemo, kwasababu kisu kimepasua seli chache tu na jua linakausha kipande kabla kimeng'enya hakijafika mbali, na kimeng'enya bila maji hakifanyi kazi. Ukiuponda au kuukuna muhogo mbichi kwanza ndo uanike, kinachobaki ni asilimia 2 au 3 hivi. Kuloweka siku tatu mpaka ulainike kabisa, ndivyo wanavyofanya sana Kongo kwa ajili ya fufu, ugali wao wa muhogo, nako kunatoa sehemu kubwa sana. Kulundika na kufunika mpaka uote ukungu kiasi, ule wa udaga, uko katikati.

Tufanye hesabu kidogo. Kilo moja ya muhogo mbichi yenye miligramu 100 za sayanidi, na hiyo ni kiasi cha kawaida tu kwa mchungu, ipo inayopita 500, ukishakauka inatoa kama gramu 350 za unga. Ukianika makopa ikabaki asilimia 30, una miligramu 30 kwenye gramu 350, yaani karibu 86 kwa kilo ya unga. Kiwango cha kimataifa cha FAO na WHO kwa unga wa muhogo ni 10. Muhogo ule ule ukiuponda kwanza, ikabaki asilimia 2, unapata kama 6 kwa kilo. Shamba ni lile lile na jua ni lile lile.

Kuna kona moja ambayo hata wataalamu wa chakula wanaisahau. Rojo la muhogo uliolowekwa au kupondwa likichacha linakuwa na asidi, na ile sayanohidrini niliyoitaja ikiwa kwenye asidi inatulia, haivunjiki kirahisi, na mizizi tofauti na majani haina kimeng'enya cha maana cha kuisukuma. Kwa hiyo unga uliochacha vizuri ukisagwa na kupikwa kabla haujakauka sawasawa unaweza kuwa hauna linamarini kabisa lakini ukawa na sayanohidrini ya kutosha. Kukamua maji na kukausha mpaka mwisho sio mambo ya urembo.

Tuje mwilini. Sayanidi inaingia mpaka kwenye mitokondria, humo ndimo seli inapotengenezea nguvu, na inaenda kushika chuma kilichopo kwenye kimeng'enya cha mwisho kabisa, kile kinachopokea oksijeni. Kikishashikwa mtu anahema, damu imejaa oksijeni, lakini seli haiwezi kuitumia. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, kuhema haraka, ikizidi mtu anapoteza fahamu na kufa. Mwili una ulinzi wake, kimeng'enya kinaitwa rodanesi kiko kwa wingi kwenye ini na figo, kinachukua sayanidi kinaibandika salfa inakuwa thayosayaneti, ambayo haina ukali ule na inatoka kwenye mkojo. (Ikiwa nyingi kila siku inagombania njia na madini joto kwenye tezi la shingo, ndo sababu mojawapo ya uvimbe wa goita sehemu za walaji wa muhogo.) Lakini kila sayanidi moja inataka salfa yake moja, na salfa inatoka kwenye protini tunayokula, dagaa, mayai, nyama, maharage. Muhogo wenyewe protini yake haifiki hata asilimia 2 na hiyo kidogo haina salfa ya maana. Sasa mtu anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku na mboga ni majani tu, anaingiza sumu mkono huu na mkono ule hana cha kuilipia.

Hapo ndo konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, inapoingia. Daktari Trolli aliiandika mwaka 1938 huko Kwango, Kongo ya Wabelgiji: mtu anaamka asubuhi au anarudi shambani miguu imekakamaa ghafla, yote miwili, na haitarudi tena. Haiendelei kuwa mbaya zaidi ila haiponi. Inashika zaidi watoto waliopita miaka mitatu na kina mama walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981 mkoa wa Nampula, Msumbiji, ukame ulikausha kila kitu ukabaki muhogo mchungu, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu, na mmoja wa madaktari waliochunguza alikuwa Msweden Hans Rosling ambaye watu wengi wanamjua kwa mambo ya takwimu tu. Kwetu Tanzania ilipiga Tarime miaka ya 1980, na kusini mwaka 2001 na 2002. Jinsi hasa sumu inavyoumiza zile neva za miguu na kuacha nyingine bado tunabishana, lakini mazingira yake yanafanana kila mahali, muhogo mchungu, njia za mkato, na mboga zisizo na protini.

Njia za mkato sio uzembe siku zote. Bandundu, Kongo, barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipopita, muhogo ukawa hela, malori yanasubiri, kina mama wakapunguza kuloweka kutoka usiku tatu hadi mmoja. Walioleta barabara walifanya jambo jema kabisa, na konzo ikaja nayo. Ukame nao unapiga mara mbili, njaa inafanya watu waharakishe na mmea wenye kiu unaongeza linamarini.

Na sio konzo tu. Septemba 2017 huko Kasese, Uganda, watu walianza kuugua baada ya kula ugali wa muhogo msibani, mpaka mwisho wakahesabiwa wagonjwa 98 na 2 walifariki. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 kwa kilo. Rudi kwenye hesabu yetu ya makopa uone zinavyokaribiana. Mtoto wa kilo 15 akila unga gramu 100 wa namna hiyo, kama mapishi hayajatoa kitu, ameingiza karibu miligramu 9, na kiwango kinachoweza kuua kinaanzia nusu miligramu kwa kila kilo ya mwili, yaani 7.5 kwake.

Kupima sio kazi ngumu. Tunaweka unga kidogo kwenye kichupa, tunaongeza maji na linamarasi, tunaning'iniza karatasi ya njano iliyowekwa pikireti, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sayanidi, juu bila kugusa unga, tunafunga kizibo, mpaka kesho. Gesi ikipanda karatasi inageuka kahawia, ikiwa nyepesi sumu ni kidogo, ikikolea mpaka nyekundu ya matofali hakuna haja ya kuuliza. Kifaa hiki kilitengenezwa na Howard Bradbury wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, na huyo huyo ndo aliyetoa njia ya kuokoa unga ambao tayari umeshasagwa.

Iko hivi. Mimina unga kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipoishia. Ongeza maji kidogo kidogo huku unakoroga. Mwanzoni utaona unga unashuka chini ya alama, hewa inatoka, alafu utaanza kupanda, ukirudi kwenye alama acha, maji yametosha. Tandaza juu ya mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, acha juani kwa muda wa saa mbili nzima au kivulini kwa muda wa saa tano, pika siku hiyo hiyo. Kilichotokea ni kwamba linamarasi iliyokauka na makopa haijafa, ilikuwa inasubiri maji tu, ukiipa inaamka na kumalizia kazi. Sumu inashuka mara tatu mpaka sita. Unga wetu wa 86 utabaki na kati ya 14 na 29, bado uko juu ya 10, kwa hiyo usiseme siku hizi siloweki kwasababu nitalowesha unga. Na unga uliokaangwa hauna kitu cha kuamsha. Lakini huko Popokabaka, Kongo, kina mama walipoifuata hakukuwa na konzo mpya kwenye kijiji, na walichokipenda wao ni kwamba uchungu unapungua kwenye fufu, maana ule uchungu ni linamarini yenyewe.

Kuhusu mihogo ya kuchemsha na ya kukaanga ya mtaani, hiyo huwa mitamu, haizidi miligramu 50 kwa kilo mbichi, na ukishamenya vizuri, maganda ndo yanayobeba zaidi, kuleni tu. Ila msimu wa ukame hata mtamu unaweza kubadilika. Kata kipande kidogo kibichi uguse na ncha ya ulimi, ukisikia uchungu huo sio wa sufuria, kauponde uanike. Na huo mtamu ukiuchemsha, ukate vipande vidogo, maji yawe mengi, ukiiva hayo maji yamwage, usiyatumie kwa mchuzi.