Lushoto au Moshi? Mambo tunayodanganyana kila likizo ikikaribia

Ikifika Juni au Desemba swali la wanaotafuta likizo ya milimani yenye hewa ya baridi ni lilelile, tupande Lushoto kule Usambara au twende Moshi chini ya Kilimanjaro, na anayejibu mara nyingi ni mtu aliyepita tu na basi akachungulia dirishani. Inauma, maana watu wanachanga hela mwaka mzima, wanabeba na watoto, halafu wanafika sehemu ambayo siyo waliyokuwa wanaitaka.

"Moshi kuna baridi, si iko chini ya Kilimanjaro?"

Hapana jamani, hii ndo inayopoteza watu wengi kuliko zote. Barafu iko kule juu kuelekea mita 5,895, mji wenyewe wa Moshi haufiki hata mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Januari Februari jua lake linachoma kwelikweli, unalala na feni. Ubaridi unaufuata ukipanda, Marangu, Machame, Kibosho, kule kwenye migomba na kahawa ndo blanketi linahitajika. Lushoto ni tofauti kwa sababu mji wenyewe uko juu tayari, kama mita 1,400 hivi, yaani ukishuka tu stendi ushafika kwenye hewa uliyoifuata, na Juni mpaka Agosti bila sweta zito usiku utateseka. Kwahiyo anayelinganisha alinganishe Lushoto na Marangu, akilinganisha Lushoto na Moshi mjini anapima vitu viwili visivyofanana.

"Lushoto mbali, halafu barabara mbovu."

Kwa mtu wa Dar Lushoto ni karibu kuliko Moshi! Lushoto ni kama kilomita 350, Moshi ni kama 550, na njia ni hiyohiyo ya Arusha mpaka Mombo, pale ndo unakata kulia unaanza kupanda kama kilomita 33 kupitia Soni. Ni lami, gari dogo linapanda bila shida, na mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar yapo. Ukweli ulio kwenye huo uvumi ni kwamba barabara ni nyembamba, kona kali, bonde liko pembeni yako, na masika udongo na mawe huwa vinaporomoka, kwahiyo panda mchana na mwenye kichefuchefu mpe siti ya mbele. Vumbi linaanza ukitaka kwenda mbali zaidi kama kijiji cha Mtae, huko ulizia kwanza hali ya njia kwa wenyeji.

"Ukifika Moshi mlima unauona tu."

Mlima upo ila mawingu nayo yapo, na katikati ya mwaka upande ule wa kusini unaweza kukaa siku nzima huoni kitu. Amka alfajiri, au subiri jioni jua likielekea kuzama, saa hizo ndo hujitokeza. Mwenye siku moja tu asiwaahidi watoto.

"Marangu kama hupandi kileleni huna cha kufanya."

Hii naikataa kabisa. Unaweza kuingia geti la hifadhi ya Kilimanjaro pale Marangu asubuhi, ukatembea msituni mpaka kambi ya Mandara, mita 2,720, ukarudi siku hiyohiyo, na Mtanzania analipa kwa shilingi, kiingilio ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Kuna maporomoko ya Kinukamori, kuna wahunzi wa kijiji cha Mamba wanaofua chuma mpaka leo, kuna kahawa unayoitwanga mwenyewe kwenye kinu ukaikaanga ukainywa palepale, na mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, kwa anayekunywa. Ila chemchemi ya Chemka wanayoiita maji moto, ile siyo ya moto, ni maji safi ya uvuguvugu, tena iko chini kwenye tambarare kavu upande wa Boma Ng'ombe, siyo mlimani, na ina kina kirefu kwahiyo mtoto asiyejua kuogelea asiachwe peke yake hata dakika moja.

"Lushoto ni ya wazee, unaenda kulala tu."

Anayesema hivi hajawahi kusimama Irente, pale ukingoni mwa mlima. Unatembea kutoka mjini kwenye mashamba ya kabichi na karoti, watu wanakusalimia njia nzima, halafu ghafla ardhi inaisha, chini kabisa unaona tambarare ya Mazinde na barabara kuu uliyokuja nayo. Msitu wa Magamba una mbega weusi wenye mkia mweupe, ukitulia unawaona wakirukaruka. Vuga, kilipokuwa kiti cha wafalme Wakilindi wa Wasambaa, iko upande wa Soni na watalii wengi wanaipita bila kujua. Ukienda mwisho wa mwaka utakuta plamu na mapichi yanauzwa kwa ndoo barabarani.

Msipange tu msitu wa hifadhi wa Amani kama matembezi ya mchana mkiwa Lushoto. Amani ni Usambara Mashariki, iko wilaya ya Muheza, bonde la Lwengera limeigawa hiyo milima, inabidi ushuke mpaka Mombo, upite Korogwe na Muheza ndo upande tena. Iwekee siku zake.

Na kuhusu mbu, baridi inawapunguza, haiwamalizi, chandarua tumia kote.

Mimi familia ya Dar yenye siku tatu naiambia Lushoto bila kusita, maana hela na muda haviishii njiani. Anayetoka Arusha, au Mkenya anayevuka mpaka wa Taveta na Holili, Marangu iko karibu sana, ni kupanda tu kutoka Himo. Desemba ndo mwezi wa kuwa makini, Wachagga wanarudi nyumbani Krismasi na mabasi ya Moshi yanajaa mapema, kwahiyo tiketi ya kwenda na ya kurudi zikate zote mbili kabla hujaondoka.