Sharia kwa Wayoruba: kabla hujaogopa, angalia kwanza mirathi inagawiwaje

Tangu lile tangazo la mji wa Oyo litoke, lile lililosema tarehe 11 Januari 2025 itazinduliwa paneli ya Sharia, yaani baraza la mashekhe la kusuluhisha kesi za Waislamu, kuna swali moja linarudi rudi hapa kwenye dawati letu la elimu kwa umma: mwalimu, ina maana sasa hadi kusini mwa Nigeria watu wataanza kukatwa mikono? Hapana. Ila nikiishia hapo nitakuwa sijakusaidia kitu, sababu ishu ya Wayoruba haifanani na ile ya Zamfara, jimbo la kaskazini, mliyoizoea kuisikia, na mtu akishazichanganya hizo mbili basi kila atakachosema baada ya hapo kinakuwa kombo.

Wayoruba ndo wenyeji wa kusini magharibi, yaani Lagos, Ogun, Oyo, Osun, Ondo na Ekiti, halafu wapo wengi tu Kwara na kipande cha Kogi. Kuna Waislamu, kuna Wakristo, kuna wanaoshika dini ya mababu wanayoiita Isese, na kuna wale wanaoshika mbili kwa mpigo na wala hawaoni shida. Wangapi ni wangapi? Sensa ya Nigeria iliacha kuuliza dini baada ya 1963, kwa hiyo mtu akikupa asilimia kamili muulize kaitoa wapi. Kinachoonekana kwa macho ni nyumba moja baba Alhaji, mama yuko kwaya, Ileya (ndo wanavyoiita Idi ya kuchinja) wanakula wote na Krismasi wanakula wote. Rais Tinubu ni Mwislamu, mkewe Oluremi ni mchungaji wa kanisa la Redeemed. Mwaka 1993 MKO Abiola, Mwislamu wa Kiyoruba, aligombea urais na mgombea mwenza Mwislamu pia, na Wakristo kwao wakampigia kura kwa wingi, matokeo yalipofutwa wakaingia barabarani pamoja na Waislamu. Wana na msemo wao: Aye la ba Ifa, aye la ba Imale, osan gangan ni Igbagbo wole, yaani Ifa (uaguzi wa dini ya mababu) tumeikuta duniani, Uislamu tumeukuta duniani, Ukristo ndo umeingia mchana kweupe. Kidogo ni utani, ila kidogo ni hoja, na Waislamu wa huko wanaitumia sana wakiambiwa dini yao ni mgeni kutoka kaskazini.

Sasa twende kwenye karatasi. Katiba ya Nigeria ya 1999, kifungu cha 275, inasema jimbo lolote linalohitaji litakuwa na Mahakama ya Rufaa ya Sharia, na kifungu cha 277 kinataja kazi zake: ndoa na talaka, ulezi, wakfu, hiba, wosia na mirathi, kwa Waislamu. Hamna wizi humo, hamna pombe, hamna zinaa. Yale aliyoyatangaza gavana Ahmad Sani wa Zamfara Oktoba 1999, na majimbo mengine 11 ya kaskazini yakamfuata, yalikuwa ni kuingiza makosa ya jinai, na hapo ndo moto ulipowaka, mwaka 2000 Kaduna watu wakauana. Wanachokiomba Waislamu wa Ibadan na Oyo ni kile cha 277. Msomaji wa Kenya unakijua hicho, ni sawa na Kadhi wenu wa ibara ya 170, Mwislamu kwa Mwislamu, ndoa na mirathi basi. Wa Tanzania bara ndo utaelewa zaidi, maana Kadhi wa BAKWATA anasuluhisha lakini hana mahakama ya serikali nyuma yake, na kusini magharibi mwa Nigeria hali ndo hiyo hiyo.

Maana hayo majimbo sita hakuna hata moja lililoanzisha hiyo mahakama. Lakini Kwara ipo! Toka Ilorin, mji mkuu wa Kwara, mpaka Ogbomoso ya jimbo la Oyo ni kama mwendo wa saa moja kwa gari, lugha ni ile ile, Ilorin Mwislamu ana Kadhi Mkuu wa jimbo, akivuka kuja Ogbomoso kesi yake ya mirathi inakwenda mahakama ya mila au Mahakama Kuu na hakimu wala halazimiki kuijua sheria ya Kiislamu. Mpaka wenyewe waliuchora Waingereza, wao kaskazini waliwaacha ma-alkali (mahakimu wa Sharia) waendelee na kazi, kusini wakatambua mila tu na mambo ya Waislamu wakayatupia humo humo kwenye kapu la mila. Wakati karne ya 19 miji ya Kiyoruba kama Iwo na Ede ilikuwa na wafalme Waislamu, Momodu Lamuye kule Iwo na Abibu Lagunju kule Ede, na kesi zilikuwa zinaamuliwa kwa Sharia. Kwa hiyo mtu akikwambia Sharia haijawahi kukanyaga Uyoruba, hajasoma. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Nigeria yenyewe ilikuja kusema sheria ya Kiislamu sio mila, haina kabila, ila mahakimu wa chini kusini hawakuletewa kitu cha kufanyia kazi.

Hapa sasa ndo nataka tukae kidogo, sababu ndo somo ninalofundisha na ndo mahali watu wanaporuka. Chukua mzee wa Ibadan, Mwislamu, wazazi wake walishafariki, amekufa ameacha wake wawili. Mke mkubwa ana binti mmoja, mke mdogo ana wavulana watatu. Deni hamna, wosia hamna, mali yote jumla naira milioni 56. Igawe.

Mila ya Kiyoruba ina njia mbili. Ya kwanza wanaiita idi-igi, shina la mti, kila mke aliyezaa ni shina moja, mali inagawiwa kwa mashina kwanza. Mashina mawili, milioni 28 kwa 28. Binti anachukua 28 zote peke yake, wale wavulana watatu wanagawana 28 zao, kila mmoja tisa na kitu. Njia ya pili ni ori-ojori, yaani kwa vichwa, watoto wanne kila mmoja 14, na hiyo huwa inatumika pale wanapogombana na mkuu wa ukoo akaamua ndo itawatuliza. Zote mbili mtoto wa kike na wa kiume ni sawa, hili wengi hawalijui. Na zote mbili wajane wanapata nini? Sifuri. Mke kwa mila ile harithi mume, na mwaka 1957 mahakama iliandika bila aibu kwamba mke mwenyewe ni kama mali, anarithiwa na ndugu wa mume.

Haya leta Sharia. Wajane kwa pamoja thumni, fungu la nane (ndo hiyo hiyo thumni waliyokuwa wanaiita wazee wetu senti 50), ni milioni 7, kila mmoja tatu na nusu. Zinabaki 49, mvulana mafungu mawili na msichana fungu moja, jumla mafungu saba, kila fungu 7. Wavulana wanapata 14 kila mmoja, binti 7.

Umeona? Binti yule yule, marehemu yule yule, anaweza kutoka na 28, au 14, au 7, kutegemea mlango gani umegongwa kwanza. Mama yake anaweza kutoka na tatu na nusu au akatoka mikono mitupu. Na bado sijagusa habari ya kama marehemu aliwahi kufunga ndoa ya serikali au ya kanisani, maana hapo inaingia sheria ya tatu kabisa. Sasa mtu anapokuja na kauli kwamba Sharia inamkandamiza mwanamke wa Kiyoruba au inamkomboa, mi namuuliza mwanamke yupi, mjane au binti? Hao wawili wanaweza kuwa mtu na mamake wamekaa kiti kimoja na maslahi hayafanani. Kesi ya Dawodu na Danmole ilianza na bwana mmoja wa Lagos aliyeacha wake wanne na watoto tisa, jaji wa kwanza akasema idi-igi imepitwa na wakati, Mahakama ya Juu ya Shirikisho 1958 ikamkatalia, ikaenda mpaka Privy Council London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, 1962 nao wakasema idi-igi ibaki. Ukoo mzima unasubiri London iwaambie nyumba ya baba yao igawiwe vipi.

Ndo maana kuanzia 2002 Waislamu wa Ibadan na Lagos wakaanzisha paneli zao huru. Mashekhe na watu wa sheria wanakaa, mara nyingi msikitini, wanasikiliza wote wawili, wanatoa uamuzi. Polisi hawana, jela hawana, dalali wa kwenda kukamata mali hawana.

Kama ni hivo tu, kelele zote za nini? Nisiwe mnafiki, hofu ya upande wa pili nayo ina mizizi yake na wanaoicheka wanakosea. Mizizi inaanzia Ilorin hapo hapo. Afonja alikuwa Aare Ona Kakanfo, mkuu wa majeshi wa dola ya Oyo, akamuasi mfalme wake mnamo 1817, akataka msaada kwa Alimi, mwanachuoni wa Kifulani, na kwa wapiganaji Waislamu. Kabla muongo uliofuata haujafika katikati Afonja kauawa na wale wale, mtoto wa Alimi akawa emiri, Ilorin ikawa chini ya Sokoto, dola ya Kiislamu ya kaskazini, na mpaka leo anayekalia kiti ni wa ukoo huo. Jeshi la Ibadan ndo lilikuja kuwazuia pale Osogbo 1840. Mtoto wa Kiyoruba anaipata hadithi hii nyumbani kama onyo, karibu mgeni aje akuzike. Sasa huyu aliyesimama Januari 2025 kuipinga paneli ya Oyo kwa sauti kubwa kabisa ni Gani Adams, na cheo chake ni kipi? Aare Ona Kakanfo, cheo kile kile cha Afonja. Hakuhitaji kueleza mengi, wenye lugha yao walishaelewa.

Juu ya hapo kuna mambo ya juzi juzi. Mwaka 2023 hapo Ilorin kuna mama wa Isese alitaka kufanya tamasha la miungu yake, kundi la Kiislamu likaenda kumwonya asithubutu, tamasha likafa, mwandishi Wole Soyinka akamwandikia emiri barua ya wazi kulalamika. Ukiwa Mkristo au mtu wa Isese wa Osogbo na umeisikia hiyo, halafu unasikia neno Sharia linakuja kwenu, hukai ukasoma kifungu cha 277. Na hijabu nayo: shule za misheni serikali ilizichukua miaka ya 1970, makanisa yanasema ni zetu, Waislamu wanasema zinalipiwa na serikali na watoto wetu wanasoma humo. Juni 2016 mahakama ya Osun iliporuhusu hijabu, shule moja ya Baptist kule Iwo wanafunzi Wakristo wakatinga darasani na majoho ya kwaya, mwalimu anafundisha mbele ya darasa nusu msikiti nusu kanisa. Picha zile zilichekesha nchi nzima, lakini Kwara 2021 ishu hiyo hiyo ilileta mawe na damu. Juni 2022 Mahakama ya Juu ikawapa ushindi wasichana wa Lagos.

Kwa hiyo Desemba 2024 paneli ilipokaa kwenye msikiti mkuu wa Ado-Ekiti, mbele ya kamera, petroli ilikuwa tayari imemwagika. Ewi, ambaye ndo mfalme wa mji, akaagiza ivunjwe, serikali ya jimbo ikasema mahakama zilizopo zinatosha. Oyo gavana Makinde akasema anayetaka kufanya kitu akifanye ndani ya sheria, waandaaji wakaahirisha uzinduzi. Baraza Kuu la Waislamu la Nigeria likajibu kwamba ni usuluhishi wa hiari na katiba inaruhusu. Kwa maoni yangu baraza lilikuwa sahihi kwenye sheria, ila wale waliochapisha bango la uzinduzi wa Oyo wakaandika neno Sharia kwa herufi kubwa bila hata mstari mmoja wa kusema ni mirathi na ndoa, hao walijitakia.

Swali la mwisho ambalo mmeniuliza sana: paneli ikishaamua, na mmoja akakataa? Rudi kwa yule mzee wetu wa Ibadan. Paneli imempa binti milioni 7, yeye anajua kwa mila ni 28. Anatoka pale msikitini, anatafuta wakili, anafungua kesi Mahakama Kuu ya Jimbo la Oyo, na hapo hoja ya kwanza itakuwa kama alikubali kwa hiari yake kuhukumiwa kwa Sharia au aliburuzwa na kaka zake. Wale wajane wawili watakuwa wamekaa nyuma wanasikiliza, kila mmoja na tatu na nusu yake ambayo bado hajaishika.