Begi Alipange Mtoto, Maswali Aulize Mzazi

Saa mbili usiku mvua ilishuka ghafla kwenye kambi yetu ya skauti, na mvulana wa miaka tisa alikuwa amesimama katikati ya hema akilia. Halii kwa baridi wala kwa kuogopa radi. Begi lake liko miguuni, limejaa mpaka zipu inagoma, na ndani mna kila kitu tulichoandika kwenye orodha ya wazazi: tochi, koti la mvua, sweta mbili, soksi jozi nne.

"Tochi yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Sijui mama aliiweka wapi."

Tuliipata asubuhi, ndani ya soksi, ndani ya kiatu cha akiba, chini kabisa. Mama alikuwa ameipanga vizuri sana. Ni kwamba mwenye begi hakuwepo begi lilipokuwa likipangwa.

Kazi yangu ni kuwafunza watu wazima wanaoongoza vikundi vya skauti, na wazazi nakutana nao kila likizo, wakati wa kupeleka na kuchukua watoto. Wengi wao wanashika pale wanapopaswa kuachia, na wanaachia pale wanapopaswa kushika. Begi wanalipanga wao, skafu wanamfunga wao, hata kazi ya kumpatia mtoto beji wanaimalizia wao usiku mtoto akiwa amelala. Lakini ukiwauliza ni mtu mzima gani atakayekuwa na watoto usiku, na atalala wapi, wanakutazama tu.

Hapa Kenya mtoto huanza akiwa Sungura, kati ya miaka 6 na 10. Baadaye anakuwa Chipukizi, kisha Mwamba, na akishaingia utu uzima anaitwa Jasiri. Kwa umri wowote kati ya hiyo, uskauti umejengwa juu ya watoto kuongozana wenyewe. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, ambaye kaburi lake liko Nyeri likitazama Mlima Kenya, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, alichukua wavulana 20 hivi, akawagawa makundi manne na kumpa mvulana mmoja uongozi wa kila kundi. Ukimfanyia mwanao kila kitu, hapo umelipa ada ya kambi lakini kambi yenyewe umebaki nayo nyumbani.

Basi siku moja kabla ya safari, tandaza vitu vyote kitandani au sakafuni, kaa pembeni na kikombe chako cha chai, umwache apange. Akisahau mswaki, usiuseme mara moja. Mwambie asome orodha kwa sauti huku akishika kila kitu. Akishamaliza, zima taa ya chumba umwambie atafute tochi, sweta na soksi kavu gizani. Wanacheka sana, na wakikosa wanapanga upya bila kuambiwa. Usisahau jaribio la mwisho: alibebe begi mwenyewe mpaka getini na kurudi. Lisipobebeka, vipunguzwe vitu, asitafutwe wa kumbebea.

Kuhusu baridi, wazazi hutuma blanketi la tatu la kujifunika wakati baridi inatoka chini. Usiku wa Nyeri au Limuru ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Mkeka, gunia safi au hata kadibodi chini ya godoro jembamba itamsaidia kuliko hilo blanketi. Jingine ni nguo za kulalia: ziwe kavu, za kulalia tu, asilale na fulana aliyoitokea jasho akicheza mchana. Sare usinunue ya kumbana, watoto hawa wanakua kama mahindi ya mvua za masika, na ile iliyokwisha kuwa ndogo kwa mtoto wa jirani ni sare vilevile.

Nikiwa kwenye baridi, niseme jambo ambalo halina mzaha. Jiko la makaa haliingizwi ndani ya hema, liwe na moto au liwe linaonekana limezimika. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Mwambie mwanao hili mwenyewe, kwa sababu kuna siku atakuwa Chipukizi au Mwamba na mwenzake atakuja na wazo hilo akidhani amevumbua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazazi hunieleza kwa kunong'ona, wakishanivuta kando ya basi. "Mwalimu, huyu bado anakojoa kitandani." Mama mmoja aliniambia hivyo injini ikiwa tayari inanguruma, na mtoto akiwa dirishani anatutazama, anajua kabisa tunazungumza nini. Kwa mtoto wa miaka saba au minane hili si ajabu, na katika kila kambi ya Sungura hawakosekani wawili watatu. Tatizo ni kuniambia wakati ule, na mahali pale. Niambie wiki moja kabla, kwa simu, halafu mwambie mtoto kwamba umeniambia na kwamba hakuna mwingine atakayejua. Tutapanga naye. Suruali ya akiba inakaa ndani ya malazi yake, si kwenye begi, ili asipekue gizani. Kiongozi wa zamu akipita saa nne anamwamsha kimya pamoja na wengine wawili wa kuzugia. Asubuhi malazi yote ya hema yanaanikwa, ya kila mtu, kwa hiyo lake halisemi kitu. Usimnyime maji mchana kwa kuhofia usiku, kambini wanakimbia juani. Mwache anywe vizuri mchana, apunguze tu karibu na kulala. Ikiwa alikuwa ameshaacha kwa miezi na ameanza tena ghafla, hilo ni la kumwona daktari kabla ya kambi.

Kulia kwa kukumbuka nyumbani nako kuna dawa yake, na dawa hiyo huharibiwa na sentensi moja ya mzazi: "Ukishindwa nipigie, nitakuja kukuchukua." Unadhani umemtuliza. Ulichompa ni mlango, na kila usiku ataukodolea macho. Mwambie badala yake kwamba usiku wa kwanza huwa mgumu kwa watu wengi, kwamba amweleze kiongozi wake, na kwamba utakuwepo siku fulani saa fulani. Kisha uwepo saa hiyo kweli. Anayechelewa kwa saa mbili siku ya kuchukua watoto ndiye anayepata shida kambi inayofuata.

Fomu ya afya isijazwe ukiwa umesimama. Mtoto mwenye pumu aandikwe, na inhela akae nayo yeye mwenyewe mfukoni, kwa sababu pumu haisubiri mtu atafute ufunguo wa ofisi. Mwenye selimundu (sickle cell) lazima tujue, kwani baridi, uchovu na upungufu wa maji vinaweza kumletea maumivu makali, na hatumwingizi kwenye mchezo wa mto wenye maji baridi hata akisema anaweza. Kifafa usikifiche kwa aibu. Anayekijua atamlaza ubavu na kumwondolea vitu vya kumjeruhi, asiyekijua atakimbia au atamtia kijiko mdomoni, kosa ambalo bado naliona kwa watu wazima. Andika namba mbili za simu za watu wanaopokea. Na kama bintiye mtu ana miaka kumi na zaidi, awe na sodo begini hata kama hedhi haijaanza. Kambi ina tabia ya kuchagua siku hiyo.

Hapo ndipo nafika kwenye zamu yako ya kushika. Kabla hujatia sahihi, uliza. Watoto watalala na nani? Jibu linalokubalika ni kwamba watu wazima wana hema lao, na watoto lao. Je, kuna nafasi yoyote mtu mzima mmoja atabaki na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, kama vile safari ya gari, kumpeleka zahanati, au kuoga? Isiwepo. Wawepo watu wazima wawili, au iwe mahali penye macho ya wengine. Kuna wasichana? Basi kuna kiongozi mwanamke, si mpishi aliyeombwa asimame badala yake. Nani anapiga picha, na zinapelekwa wapi? Nani anaogelea, na nani aliye ukingoni anayejua kuokoa?

Wazazi huogopa kwamba maswali haya yatamvunjia heshima mwalimu. Kiongozi aliyefunzwa hayamkwazi, huyajibu kama dereva anayeulizwa leseni. Anayekasirika, anayesema "huniamini?", amekujibu tayari. Na umwangalie yule kiongozi anayemtumia mwanao ujumbe wa simu faragha usiku, anayempa zawadi peke yake, anayemwambia "hii ni siri yetu". Mfundishe mtoto kwamba uskauti una ishara na nyimbo nyingi lakini hauna siri dhidi ya mzazi. Kukiwa na jambo, namba 116 ya kusaidia watoto haitozwi, na inapigwa na mtoto au mtu mzima.

Kuna bibi mmoja aliyenijia mkali kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempa mkono wa kushoto. Nilimwelewa, nami nimelelewa hivyo. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto wao kwa wao, na wengi hutoa sababu kwamba ndio ulio upande wa moyo. Ila mtoto afundishwe pia kwamba kwa bibi mkono ni wa kulia, na shikamoo inatangulia. Vivyo hivyo imani: ahadi ya skauti humtaja Mungu, na kila mtoto huiweka kwa dini ya kwao. Kama mwanao anaswali au anafunga, au nyama anakula ya halali tu, tuambieni mapema ili mpishi na ratiba vipangwe.

Akirudi, begi alifungue yeye. Litanuka moshi na soksi mbichi, na kutakuwa na kitu kimoja cha mtoto mwingine. Usimhoji mlangoni. Anza na jambo dogo, kama vile nani alikuwa akiwaamsha, au ugali uliungua mara ngapi. Mambo mazito, yakiwepo, hutoka siku ya pili au ya tatu, mkiwa mnaosha vyombo, mtoto akiwa hakutazami usoni. Kama kambi ilikuwa Pwani au karibu na Ziwa Victoria, weka akilini kwamba malaria haijitokezi siku ile ile, huanza kama siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Homa ikija wiki mbili baadaye, watu hufikiri ni mafua ya shule. Mpeleke kupimwa, na sentensi ya kwanza kwa mhudumu iwe mahali alikokuwa amelala na tarehe.