Pembe ya msukumo: kwa nini injini ya ndege ya modeli hufungwa mshazari

Itazame kutoka juu ndege ya modeli iliyoundwa vizuri, na mara nyingi utaona injini yake haikunyooka. Shafti imeelekea kulia kidogo. Ukiitazama kutoka ubavuni, utakuta pia imeinamia chini. Asiyejua atadhani fundi alikosea kutoboa, kumbe hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Mgeuko huo mdogo, wa digrii chache tu, ndio pembe ya msukumo: tofauti kati ya upande ambao propela inavutia na mstari wa katikati ya bodi.

Mwenzangu mmoja alinunua ndege iliyokwisha kutumika. Alipofungua injini kuisafisha akakuta washa (vipete vyembamba vya chuma) nyuma ya bolti mbili za kushoto. Akaziona ni uzembe wa aliyemuuzia, akazitoa na kukaza bolti zote sawasawa. Siku ya kuirusha, ndege ilikimbia mita chache ikaanza kuvuta kushoto, na kila alipoongeza nguvu ilizidi kuvuta, mpaka bawa likakwaruza nyasi. Zile washa zilikuwa na unene wa milimita moja na nusu hivi. Hicho ndicho kiasi kilichotenganisha ndege inayotii na ndege inayopigana na mrushaji wake.

Chanzo ni propela. Nyingi huzunguka kwa mwendo wa saa ukizitazama kutoka nyuma, pale ambapo rubani angeketi (kulia na kushoto ninazozitaja humu zote ni za rubani huyo). Injini inapoizungusha propela upande mmoja, bodi nayo husukumwa kuzunguka upande wa pili, hivyo bawa la kushoto hutaka kushuka. Upepo unaotupwa nyuma nao hauendi moja kwa moja: hujiviringisha kuizunguka bodi kama kamba inayosokotwa, na ukifika mkiani hulipiga pezi la wima kwenye ubavu wake wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Tena, ndege inapopanda polepole huku imeinua pua, panga linaloshuka upande wa kulia huikata hewa kwa pembe kubwa kuliko lile linalopanda kushoto, kwa hiyo msukumo wa kulia unazidi na pua inageuzwa kushoto. Yote matatu yanavuta upande mmoja. Ndege za ukubwa kamili nazo hupata taabu hiyohiyo: ndege ya kivita ya Italia, Macchi C.202, iliundwa na bawa la kushoto refu kuliko la kulia kwa takribani sentimita 20 ili kukabiliana na mzunguko wa propela.

Kuinamisha chini kuna sababu nyingine. Ndege nyingi za wanafunzi zina bawa juu ya bodi. Bawa hilo linapokokotwa na hewa, ukinzani wake unakuwa juu ya mstari wa msukumo, kwa hiyo ukiongeza nguvu pua inainuka. Mwendo pia unaongezeka, bawa linabeba zaidi, na ndege inapanda bila kuombwa. Injini iliyoinama inaivuta pua chini kwa kiasi kilekile inachotaka kuinuka.

Wengi huuliza kwa nini tusigeuze tu usukani wa mkiani kidogo kulia, tuuache hapo. Jibu la swali hili ndilo kiini cha dhana nzima. Usukani hutegemea kasi ya hewa inayoupitia, wakati mvuto wa kushoto hutegemea nguvu ya injini, na vitu hivyo viwili haviendi pamoja. Ukiurekebisha usukani ndege iende sawa kwa nguvu zote, ukipunguza nguvu ili utue, mvuto wa kushoto unaondoka lakini usukani unabaki umegeuka, na ndege inaelekea kulia wakati unapohitaji utulivu kuliko wakati wote. Pembe ya msukumo inafanya kazi injini inapovuta na kutoweka injini inaponyamaza. Dawa inapanda na kushuka pamoja na ugonjwa wenyewe.

Wala haigharimu nguvu. Injini yenye msukumo wa kilo 1 ikigeuzwa digrii 2, gramu 35 hivi ndizo zinazovuta upande, na msukumo wa kwenda mbele unapungua kwa chini ya gramu 1. Lakini gramu hizo 35 zinavuta puani, mbali na kitovu cha uzito (mahali ambapo ndege hujisawazisha ukiinyanyua), kama mkono ulioshika mwisho wa mpini mrefu wa spana.

Kwa ndege nyingi za propela moja iliyo mbele, kugeuza kulia huwa kati ya digrii 1 na 3. Kuinamisha chini hutofautiana zaidi: zile zenye bawa la katikati zinaweza kuhitaji sifuri au digrii 1, na zile za wanafunzi zenye bawa la juu lililo bapa chini huhitaji zaidi. Ramani ya modeli ikitaja kipimo, anza nacho.

Kupima ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Choma pini katikati ya mwisho wa mkia. Lifanye panga moja la propela lilale kulia, pima kutoka ncha yake hadi kwenye pini kwa uzi usiovutika. Kisha lizungushe panga hilohilo hadi kushoto, upime tena. Usipime panga la pili, kwa sababu mapanga mawili hayalingani daima. Injini iliyoelekea kulia itatoa kipimo kifupi upande wa kulia. Kwa propela yenye kipenyo cha milimita 254, tofauti ya karibu milimita 9 ni digrii 2.

Kusahihisha, tumia washa nyuma ya kishikio cha injini. Washa za kushoto huigeuza shafti kulia. Za juu huiinamisha chini. Kwa kila milimita 57 kati ya bolti na bolti, unene wa milimita 1 ni digrii 1. Bolti zikiachana milimita 40, digrii 1 ni milimita 0.7. Kwenye modeli ambazo propela yake huzungushwa na mpira uliosokotwa badala ya injini, kipande chembamba cha kijiti cha kiberiti nyuma ya kizibo cha pua kinatosha. Ikiwa bado unajenga, kumbuka kwamba shafti ikigeuka, ncha yake inatoka katikati ya pua. Ikiwa propela iko milimita 100 mbele ya ubao wa injini (ule unaofungiwa kishikio), digrii 2 kulia zinaisogeza milimita 3.5, basi kishikio kihamishwe kiasi hicho kushoto kabla ya kutoboa.

Sasa majaribio ya hewani, na hapa naomba subira. Kabla ya kugusa washa yoyote, hakikisha kitovu cha uzito kipo mahali pake. Ndege nzito puani, iliyorekebishwa mkiani ili isizame, itapanda kila inapoongeza kasi, na mrushaji ataendelea kuinamisha injini isiyo na hatia. Njia ya kutofautisha ni kutazama muda. Irushe usawa kwa nguvu ya wastani, kisha funga nguvu ghafla. Pua ikiruka juu papo hapo, injini imeinama mno. Ikidondoka papo hapo, haikuinama vya kutosha. Badiliko likija taratibu, kasi inapobadilika, usiilaumu injini: angalia uzito na pembe kati ya bawa na mkia.

Kwa upande wa kulia, elekea moja kwa moja kwenye upepo, sawazisha mabawa, fungua nguvu zote na uivute ipande wima. Tazama pua. Ikiteleza kushoto, ongeza nusu digrii. Ikiteleza kulia, punguza. Rudia mara tatu au nne, kwa sababu upepo wa pembeni unaweza kukudanganya mara moja. Ndege ikijiviringisha tu bila pua kuhama, hilo ni jambo la mabawa.

Propela ikizunguka kinyume, geuza kila kitu cha kulia kiwe kushoto. Injini ikiwa nyuma ya kitovu cha uzito, kuuelekeza msukumo wake chini kutainua pua, wala hakutaishusha. Na ukibadili propela kwa kubwa zaidi, jaribio la kupanda wima lirudiwe.

Mimi kazi ikiisha huandika kwa penseli kwenye ubao wa injini, penye kivuli cha kishikio: kushoto 1.4, juu 0.7. Atakayefungua bolti hizo baadaye atajua kuwa washa zile ziliwekwa kwa makusudi.