Magendo: si kila mzigo uliozuiwa ni wa magendo

Kitenge kikivuka Tunduma kutoka Zambia kikalipiwa ushuru, ni bidhaa. Kitenge hicho hicho kikipitishwa njia ya panya usiku, kimefungwa nyuma ya bodaboda, ni magendo. Uzi ni ule ule na rangi ni zile zile. Kilichobadilika ni njia, na nia ya aliyekibeba.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 nayo inaangalia nia hiyo: kuingiza, kutoa au kuhamisha bidhaa kwa lengo la kukwepa ushuru au kukiuka katazo. Katazo ni jambo jingine kabisa. Sabuni na vipodozi vyenye zebaki haviingii hata ukija na ushuru wako mkononi.

Mtaani watu husema tu "mzigo umekamatwa", na hapo ndipo wengi wanapoumia. Mzigo uliozuiwa unasubiri kitu: ankara ihakikiwe, thamani ikubaliwe, kibali kiletwe. Mwenye mzigo hajawa mhalifu. Mzigo uliokamatwa ni ule ambao afisa anadai una kosa la kuufanya utaifishwe. Kama mwenyewe hakuwepo ukikamatwa, anapaswa kupewa taarifa ya maandishi ndani ya mwezi mmoja, yenye sababu. Naye ana mwezi mmoja wa kuudai kwa maandishi. Akinyamaza, mzigo huhesabika umetaifishwa. Nimeona watu wakiumaliza mwezi huo wakitafuta "mtu wa kuongea naye", barua hata moja hawajaandika.

Wazee wa Tanzania wana kumbukumbu yao ya neno magendo. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ulianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Madukani hakukuwa na sabuni wala sukari, kwa hiyo aliyekutwa na katoni kadhaa nyumbani alikuwa na la kujieleza. Hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Utaratibu haukuwa. Watu walikamatwa kwanza, Bunge likapitisha sheria baadaye na kuirudisha nyuma iwafikie waliokwisha kushikiliwa. Kesi zilipelekwa mbele ya chombo maalumu, na mawakili hawakuruhusiwa. Mwaka 1984 ikaja sheria nyingine. Kesi hizo zikapelekwa Mahakama Kuu na wakili akapewa nafasi.

Muswada wowote wa magendo ukitoka, waandishi hukimbilia kiwango cha faini na miaka ya jela. Mimi huanzia vifungu vya nyuma, vile vinavyochosha: afisa ana siku ngapi za kuandika sababu, nani anasikiliza pingamizi, na nyanya za mama aliyezuiwa Namanga zinakaa wapi wakati karatasi inatafutwa.