Kompyuta ikizimika, usiseme imejizima

Mteja anatua kompyuta juu ya meza yangu, anapangusa vumbi, anasema: "Fundi, inajizima." Neno hilo nalisikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, karibu kila siku, na mara nyingi linatupoteza sote wawili kabla sijashika bisibisi.

Kuzimika kusikotarajiwa ni kompyuta kukata kazi kabla Windows haijafunga mafaili yake. Basi, maana yake ni hiyo. Swali zito ni nani aliyeikata, na hapo Kiswahili kina msaada mkubwa kama tukikisikiliza.

Chukua kitenzi chenyewe. Mzizi ni -zim-, wa moto na taa. Mama amezima kibatari: mtendaji yupo, tunamjua. Kibatari kimezimika: labda ni upepo, labda mafuta yamekwisha, msemaji hajamtaja mtu. Hiyo ndiyo kazi ya -ik-, kueleza hali bila kumshika yeyote. Lakini -ji- ni ya kujirejea, anayetenda na anayetendwa ni yule yule: kujinyoa, kujilaumu, kujizima. Anayesema "inajizima" ameshatoa hukumu kwamba kompyuta ndiyo iliyotenda na kwamba umeme wa nyumbani kwake hauna kosa.

Wakati mwingine hukumu hiyo ni ya haki. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina kipimo cha joto ndani yake. Nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza, na joto likizidi kupanda, mashine hukata umeme ili isiungue. Huko ndiko kujizima hasa. Wateja wangu hawakubali, wananiuliza kwa baridi hii ya Juni joto linatoka wapi. Linatoka ndani! Vumbi la kiangazi limeganda kwenye feni, kitambaa cha kufuma kimeziba matundu, tena Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo. Mashine ya namna hii ukiiwasha papo hapo huzimika upesi kuliko mwanzo. Ukiiacha ipoe, hudumu.

Nyingine zimezimwa tu. Jirani anayechomelea mageti anawasha mashine yake, taa zinafifia, volti zinashuka mbali na 230, na pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) iliyochoka, yenye kapasita, vile vihifadhi umeme vidogo, zilizovimba, inashindwa kuvumilia hata kitambo hicho kifupi. Hapo kompyuta haikutenda lolote, ilitendwa.

Kosa la pili ni ndugu wa hili. Mtu anafungua kumbukumbu za matukio za Windows, anakuta tukio namba 41 lenye jina Kernel-Power, anaona neno "Power", yaani umeme, na kwenda kununua pawa saplai mpya. Inaniuma, kwa sababu hela hiyo ameitafuta kwa jasho. Namba 41 inasema jambo moja: Windows imewaka na kukuta kwamba mara iliyopita haikufungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika, huja 41. Joto likikata mashine ghafla, huja 41. Mtoto akishikilia kitufe cha kuwashia, huja 41 hiyo hiyo. Inayomtaja mtendaji ni 1074, ambayo huandikwa pale mtumiaji au programu ilipoagiza mashine izimwe au iwashwe upya. Yaani Windows nayo, isipomjua aliyezima, haimsingizii mtu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukija na mashine sema imezimika. Kisha niambie ilikuwa imewaka kwa muda gani, ilikuwa inafanya kazi gani, na dakika ile taa ya sebuleni ilifanyaje.